Nilikuwa nahesabu nguzo

Barabara ya juu inayopita karibu na mtaa wetu wa Xiaobei, hapa Guangzhou, imebebwa na nguzo nene za zege. Kwa mwaka na nusu wa kuumwa kiuno na kujitibu kwa tiba ya Kichina, nguzo hizo ndizo zilikuwa kipimo changu cha afya. Wenzangu hupima presha, mimi nilihesabu nguzo: nitapita ngapi kwa miguu kabla matako na mapaja hayajaanza kuwaka nikatafuta pa kukaa. Siku mbaya kabisa zilikuwa nne. Siku ya fahari zilifika kumi na moja, nikampigia simu mke wangu kumpa habari kama mtu aliyefaulu mtihani.

Ilianza mwaka 2023, nikiwa na miaka 58, katika zile wiki za mwanzo wa mwaka ambazo wenyeji huziita huinantian. Ni wakati hewa yenye unyevu inaporudi kutoka kusini na kukuta kuta na sakafu bado zina baridi, basi nyumba nzima inatoka jasho. Vioo vinachuruzika, nguo hazikauki, vigae vinateleza. Kwa hiyo niliposema mguu wa kushoto umekuwa mzito na una ganzi, kila Mchina niliyemweleza alinipa jibu lilelile: unyevu umekuingia. Mzee mwenye duka chini ya nyumba yetu alinikuta nakunywa maji ya friji, akatikisa kichwa kama mtu aliyemkuta mwizi na mali mkononi.

Kazi yangu ni ukalimani na kusafirisha mizigo ya wafanyabiashara, kwa hiyo kutembea ndiyo ofisi yangu. Jambo lililonichanganya ni kwamba nikisukuma toroli lenye maboksi niliweza kulizunguka soko zima la jumla. Nikiliacha toroli nikatembea mikono mitupu, kifua mbele, hatua mia mbili zilinishinda. Baiskeli za kukodi za barabarani niliendesha nusu saa bila hata kukunja uso. Muuza viatu mmoja tuliyezoeana alinicheka: wewe ukiwa na mzigo mzima, ukiwa huna mzigo mgonjwa.

Aliyelifumbua fumbo ni mpwa wangu, anayesoma udaktari hapahapa mjini. "Mjomba," aliniambia, "hiyo siyo baridi. Ukisukuma toroli unainama. Ukiendesha baiskeli unainama. Ukiinama, mfereji wa uti wa mgongo unafunguka kidogo na neva zinapata nafasi. Ukisimama wima unajibana." Akaongeza kwamba kama ningekuwa na mishipa ya damu iliyoziba miguuni, kusimama tu kungeniponya, na baiskeli ingeniumiza vilevile kama kutembea. Mimi kusimama hakukunisaidia. Ilikuwa lazima nikae, au niinamie kitu.

Alitaka niende moja kwa moja kwa madaktari wa mifupa. Mimi nikataka tiba ya Kichina, kwa sababu ambayo leo naona aibu kidogo kuitaja: niliogopa kisu, na nilijua tiba ya Kichina haina kisu. Nilikuwa nimekosea hata hapo. Hospitali kubwa za tiba ya asili nchini China zina maabara, zina mashine za MRI za kupiga picha ndani ya mwili na zina vyumba vya upasuaji. Ni mgeni tu anayedhani atakuta mzee mwenye ndevu na kibuyu.

Nilikuta mama wa makamo, koti jeupe, kompyuta mbele yake, na wanafunzi wawili nyuma wakiandika kila anachosema. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, akanyamaza, kisha akahamia wa kushoto. Akataka kuona ulimi. Akauliza mambo ambayo sijawahi kuulizwa na daktari: naamka mara ngapi usiku kukojoa, nyayo zangu ni za moto au za baridi, maumivu yanachukia mvua au yanachukia kazi. Nilidhani sasa ataandika mizizi. Aliandika MRI.

Picha zilitoka baada ya siku mbili. Kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, mahali ambapo ugonjwa huu wa kubana kwa mfereji hupenda kuanzia, mfereji wangu ulikuwa na milimita 8 kutoka mbele hadi nyuma. Kwa mtu mzima kawaida ni 15 hadi 25, na ukishuka chini ya 10 basi umebana kweli. Vitu vitatu vilikuwa vinagombania tundu moja: diski iliyotuna kwa nyuma, viungo vidogo vya pingili vilivyoota mfupa kwa uzee, na kano ya ndani ya mfereji, ambayo vitabu vya udaktari huiita kano ya manjano, iliyokuwa imenenepa. Hakuna ajali, hakuna mzigo mmoja mzito wa kulaumu. Ni umri, pamoja na miaka mingi ya maboksi.

Kisha akanieleza mara ya pili, kwa lugha ya upande wake. Nilikuwa na bi, alisema, yaani upepo, baridi na unyevu vimekaa kwenye njia za mwili vikaziba. Na chini ya hapo figo zimechoka, kwa kuwa figo ndizo zinazotawala mifupa. Katika kitabu chao kikongwe, Huangdi Neijing, imeandikwa kwamba kiuno ni nyumba ya figo. Mpwa wangu alikasirika aliposikia hayo. Figo zangu alikuwa ameziona kwenye majibu ya damu, nzima kabisa. Ilinichukua muda, mimi mkalimani, kuelewa kwamba neno "figo" katika mazungumzo yale si lile la maabara. Ni jina la kundi la mambo: mifupa, kiuno, nguvu za uzee, mkojo wa usiku, baridi ya miguu. Ukilitafsiri neno kwa neno utagombana na watu bure, au utaanza kutafuta dawa ya figo ambazo haziumwi.

Msemo mwingine wa kwao niliupenda kwa sababu una mchezo wa sauti: bu tong ze tong. Pasipopitika, panauma. Tong ya kwanza ni kupitika, ya pili ni kuuma, na masikio ya mgeni hayaoni tofauti. Kwa ugonjwa wangu msemo huo ulikuwa kweli mara mbili, kwa lugha yao na kwa picha ya MRI.

Nikamuuliza swali ambalo naona kila mgonjwa angepaswa kuuliza siku ya kwanza, kabla hajatoa pesa. Je, dawa hizi zitaupanua mfereji?

"Hapana," akasema, bila kutafuta maneno. "Hakuna sindano wala mzizi unaopanua mfupa. Mimi nitakupunguzia maumivu, nitailegeza misuli, nitajaribu kukufanya utembee zaidi. Ukitaka mfereji upanuliwe, panda ghorofa ya nane." Ghorofa ya nane ndiko waliko wapasuaji.

Sijui kama wanafunzi wake waliliandika hilo. Mimi nililiandika.

Tukaanza sindano: mara tatu kwa wiki, wiki sita. Nililala kifudifudi na mto chini ya tumbo ili kiuno kisijikunje kwa nyuma. Nikiusahau mto, mwanafunzi alinikumbusha, "Shushu, mto," yaani baba mdogo. Sindano ziliwekwa pande mbili za pingili za kiuno, kwenye tako, na mbili muhimu nyuma ya magoti, katikati kabisa ya mkunjo. Mahali hapo panaitwa Weizhong. Wana shairi fupi la kukumbukia sehemu kuu za mwili, na mstari mmoja unasema kiuno na mgongo utafute Weizhong. Sindano yenyewe ni nyembamba kama unywele na kuingia kwake ni kama kuumwa na sisimizi. Kinachofuata ndicho chenye mambo. Daktari huizungusha taratibu mpaka useme umehisi: si maumivu, ni uzito, kitu kinachovimba ndani na kuteremka mguuni kama maji ya vuguvugu. Wanaita kupata qi, yaani nguvu ya uhai inayopita mwilini. Siku nisipohisi chochote hakuridhika, akaizungusha tena. Baada ya hapo anawasha kipande cha majani makavu ya pakanga ya Kichina kwenye mpini wa sindano mbili za kiunoni, moto unashuka kupitia chuma. Mmea huo ni ndugu wa ule uliompa mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou artemisinini, dawa ya malaria, na Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ingawa kiunoni kazi yake ni joto tu. Chumba kizima kinanuka moshi, na nguo zako zinanuka mpaka nyumbani.

Mara chache waliniumika kwa vikombe vya kioo. Waswahili tunaijua kazi hiyo tangu zamani, iwe kwa chuku au kwa hijama, kwa hiyo sikushangaa. Faida yake kwangu ilikuwa ya siku moja. Alama za duara zilikaa wiki.

Wiki mbili za kwanza nguzo zilibaki nne, siku nyingine tano. Nilianza kuwaza kuwa nimetapeliwa kwa upole. Wiki ya nne nikafika saba. Mwisho wa wiki ya sita, tisa, na usiku nililala bila kuamshwa na mguu. Kumi na moja zilikuja mwezi wa kumi, hali ya hewa ilipokauka.

Sasa kuhusu dawa ya kunywa. Aliniandikia mchanganyiko unaoitwa Duhuo Jisheng Tang, uliomo katika kitabu cha tabibu Sun Simiao cha karne ya 7. Una vitu 15, na yeye aliongeza viwili na kutoa kimoja, kwa sababu kwao dawa ya kitabuni ni kama kanzu ya dukani, lazima ipunguzwe ikutoshe. Hospitali huweza kukuchemshia na kukupa pakiti zilizofungwa. Mimi kwa ubishi nikanunua chungu cha udongo. Unaloweka nusu saa, unachemsha, unachuja, unachemsha tena, unachanganya maji ya kwanza na ya pili, unagawa mara mbili kwa siku. Ladha yake ni ya udongo uliotiwa mdalasini kisha ukajutiwa.

Nilizoea kuvichambua vitu vyake juu ya gazeti kabla ya kuchemsha. Kuna gome la duzhong: ukilivunja halikatiki, vinabaki nyuzi laini za rangi ya fedha zinavutika kati ya vipande viwili kama jibini ya moto. Ukiitazama unaelewa mara moja kwa nini watu wa kale waliifikiria kwa ajili ya viuno na kano. Mpwa wangu alisema kano zangu tayari ni nene kupita kiasi, huo ndio ugonjwa wenyewe, kwa nini niongezewe. Tulicheka, lakini sikuwa na jibu.

Katika huo mchanganyiko kuna mambo mawili ya hatari ambayo mnunuzi wa mitaani hawezi kuyajua. La kwanza ni xixin, mzizi mdogo wenye harufu kali. Wachina wenyewe wana msemo kwamba xixin haizidi qian moja, takribani gramu 3. Mmea huo una asidi ya aristolokiki, sumu ya figo, iliyojaa zaidi kwenye majani, ndiyo maana dawa halali hutumia mzizi peke yake. Mpwa wangu alinisimulia mkasa wa Brussels: miaka ya mwanzo ya 1990 wanawake waliokuwa wakipunguza unene kliniki waliharibikiwa figo baada ya mmea mmoja wa Kichina kubadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana. Jina moja, silabi chache, na watu wakaishia kwenye mashine. Daktari nilipomuuliza hakukasirika. Xixin ndiyo ile moja aliyokuwa ameitoa kwangu tangu mwanzo.

La pili lilinipata. Siku ya kwanza aliniuliza kama natumia dawa nyingine, nikasema hapana. Kidonge cha presha nakimeza kila asubuhi kwa miaka tisa, na nilikuwa nimeacha kukihesabu kama dawa. Ni kama kupiga mswaki. Baada ya wiki saba za kunywa chungu changu, presha iliyokuwa imetulia ilipanda mpaka nikaanza kuumwa kichwa kisogoni. Mchanganyiko ule una gancao, mizizi mitamu ya susu. Ukiitumia kwa muda mrefu hufanya mwili ushike chumvi na kupoteza potasiamu, na presha hupanda. Daktari alipojua, hakupandisha sauti. Aliifuta gancao kwa kalamu nyekundu, kisha akauliza polepole, "Na kingine ambacho si dawa unachomeza?" Presha ilirudi chini baada ya wiki kadhaa. Tangu siku hiyo natembea na karatasi mfukoni yenye kila kitu ninachotia mdomoni, hata vitamini.

Rafiki yangu anayeishi Osaka, mwenye ugonjwa huuhuu, aliniambia kwake daktari wa kawaida tu ndiye aliyemwandikia goshajinkigan, dawa ya asili ya Kijapani yenye vitu 10, imeshatengenezwa kuwa chembechembe kwenye pakiti ndogo, na bima ya taifa inalipia. Nilimwonea wivu wa kutochemsha. Wivu wa kutopikiwa harufu ile nyumbani mke wangu alikuwa nao zaidi.

Kosa langu kubwa lilikuja Februari 2024, mji ulipokuwa unajiandaa kuingia mwaka wa joka. Daktari wangu alikuwa amekwenda kwao, na mimi nilikuwa nimesimama sana bandarini, nguzo zikashuka hadi sita. Jirani akanipeleka kwa mkandaji wa tuina kwenye chumba kimoja cha uchochoroni. Tuina ni ukandaji wa Kichina wa kitabibu, na kuna watu mahiri sana. Huyu alinigusa kiuno, akasema pingili imehama mahali pake, na yeye atairudisha. Alinilaza ubavu, bega akalisukuma nyuma, nyonga akaivuta mbele, akasokota kwa ghafla. Ukasikika mlio. Akatabasamu: umesikia? imerudi.

Niliinuka nikiwa mwepesi, nikamlipa na kumwongezea. Usiku huo sikuweza kugeuka kitandani. Siku tatu nilikwenda msalani kwa kushika ukuta.

Daktari aliporudi nikamsimulia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika. Mfereji wenye milimita 8, alisema, hauna nafasi ya kusokotwa. Hakuna kilichohama, kwa hiyo hakuna cha kurudishwa. Mlio ni hewa ya kwenye viungo, hata vidole vyako vinalia. Ukandaji wa misuli kwa mkono mzito, sawa. Kusokota, kuvuta kwa nguvu, kukunja mgongo kwa nyuma, hapana. Na picha ya MRI uwe nayo mkononi. Asiyetaka kuiona asikuguse.

Mpwa wangu naye alitumia nafasi hiyo kunisomea orodha yake. Kama mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, kama ganzi ikiingia sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, kama miguu yote miwili ikilegea kwa pamoja, basi siku hiyo si ya sindano wala ya chungu. Ni ya dharura, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. "Niambie tena, Mjomba," akasema, na nilirudia kama mtoto wa madrasa.

Katikati ya mwaka huo alikuja na karatasi. Jarida la Annals of Internal Medicine lilikuwa limechapisha utafiti uliofanywa hapa China juu ya ugonjwa wangu hasa: wagonjwa karibu 200, sindano mara 18 kwa wiki 6, kama nilivyofanyiwa mimi. Nusu yao walipata sindano za kweli, nusu za bandia ambazo haziingii mwilini. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliopata za kweli walipata zaidi kidogo, lakini hiyo "kidogo" ilikuwa ndogo kiasi kwamba waandishi wenyewe walisema haifikii kile ambacho mgonjwa angekiona kuwa tofauti kubwa.

Alitarajia ningebishana. Nilikaa na karatasi ile jioni nzima. Sehemu ya nguzo zangu kumi na moja, basi, ilikuwa ya sindano. Sehemu nyingine ilikuwa ya kulala dakika arobaini kwenye joto mara tatu kwa wiki, ya mama yule kuniuliza habari za nyayo zangu, ya mimi kuacha kubeba maboksi, ya wakati wenyewe kupita. Ugonjwa huu una tabia ya kupanda na kushuka. Nilichokasirikia si sindano. Ni kwamba nilikuwa nimetembea mjini nikiwaambia watu wazima wenye viuno vibovu kwamba nimepona. Wawili kati yao walikuwa wameshaahirisha miadi yao kwa sababu ya maneno yangu. Niliwapigia simu, mmoja akaniambia sasa ananiona kigeugeu.

Niliendelea na sindano, mara moja kwa wiki. Zilinifaa, na sikuona sababu ya kuacha kitu kinachonifaa kwa kuwa kinafaa kidogo. Kila mara niliacha yuan zangu mia na kidogo mapokezi bila kinyongo.

Mwezi wa tisa kandambili ya kushoto ilianza kunivuka. Nilikuwa natoka bafuni, nafika sebuleni, naangalia chini, mguu mtupu. Sikuihisi ilipotoka. Kisha nikaanza kujikwaa kwenye ngazi, na mke wangu akasema hatua zangu zina sauti mbili, moja ya kawaida na moja ya kofi. Nilinyamaza wiki tano. Na sababu ya kunyamaza ndiyo inayonisumbua mpaka leo: maumivu yalikuwa madogo kuliko wakati wowote. Nguzo zilikuwa tisa, kumi. Kipimo changu kilisema niko vizuri. Kilikuwa kinapima maumivu, na maumivu hayakuwa tena habari yenyewe.

Siku moja nikiwa nimekaa nasubiri zamu, daktari alinitazama nikitoka kwenye kiti. Akasema nitembee kwa visigino mpaka mlangoni, vidole juu. Mguu wa kulia ulitii. Wa kushoto vidole viliinuka nusu, vikaanguka. Akanikalisha, akaweka kiganja juu ya kidole gumba, sukuma, akasema. Kiganja chake hakikusogea.

Wanafunzi walikuwa wameshafungua pakiti ya sindano. Aliwaambia wazifunge. Akaandika karatasi, akaigonga muhuri, akanisindikiza mwenyewe hadi kwenye lifti na kubonyeza namba nane. Nilimwambia bado nina vipindi vitatu nilivyokwisha kulipia. "Watakurudishia," akasema, lifti ikafunga.

Upasuaji ulifanyika Novemba 2024. Sitaueleza sana, watu wengi wameueleza vizuri kuliko mimi: walitoa kipande cha paa la mfereji pamoja na ile kano iliyonenepa, neva zikapata kupumua. Kesho yake nilisimama wima, mgongo sawa, dakika tano, nikasubiri moto wa mapajani. Haukuja. Nililia kidogo, muuguzi akadhani naumwa akaniletea dawa.

Kidole gumba hakikurudi haraka hivyo. Mpasuaji alisema neva iliyobanwa kwa muda mrefu haina haraka, na wiki tano za kunyamaza hazikuisaidia.

Kilichobaki cha tiba ya Kichina katika maisha yangu sasa ni baduanjin, mazoezi manane ya taratibu ambayo wazee wa hapa huyafanya asubuhi katika bustani ya Yuexiu. Nilisubiri miezi mitatu mpaka mpasuaji aliporuhusu. La sita jina lake ni kushika miguu kwa mikono miwili kuimarisha figo na kiuno, na ni la kuinama mbele. Kuinama, lile toroli langu tena. Katika zoezi hilohilo kuna sehemu ya kujikunja kwa nyuma, hiyo naipunguza hadi karibu na hakuna. Mama mmoja wa pale bustanini, anayepita miaka themanini kwa kumtazama, alikuwa ananisahihisha kila siku kwamba sikunji vya kutosha. Nilimwonyesha kovu. Tangu hapo ananisahihisha mikono tu.

Machi 2025 huinantian ilirudi, kuta zikaanza kutoka jasho, na ganzi ikarudi kwenye kidole kile. Nikaenda kwa daktari wangu wa zamani. Vidole vitatu kulia, vitatu kushoto, ulimi. Nikamuuliza kama tuanze chungu upya.

"Cha nini?" akasema.

Akanitembeza kwa visigino mpaka mlangoni. Kushoto vidole vilibaki juu, vikitetemeka. Akanichoma sindano tatu tu, mguuni, chini ya goti na kwenye uti wa wayo, akawasha taa nyekundu, akatoka kwenda kwa mgonjwa wa kitanda kingine. Aliporudi kuzitoa alikigusa kidole gumba, akauliza nahisi nini. Nikasema nahisi anagusa, lakini kama kwa juu ya soksi.

"Hiyo soksi," akasema, akitupa sindano kwenye boksi la njano, "huenda ikabaki."